Maotea

Januari ile, Krijn, ulikata vikonyo kumi na viwili,
vyembamba kama penseli za mtoto,
ukavifunga kwa utepe wa mpira
juu ya miche ya mepo za kawaida,
zile za kijani, zisizoulizwa bei.
Kubebesha, ndiyo kazi yenyewe:
mmoja anashika udongo,
mwingine anasifiwa rangi.

Kumi na kimoja vilikauka kabla ya Pasaka.
Cha kumi na mbili kikashika,
ukamnyima mnunuzi wa Hamburg mara mbili,
na mimi nilizitaka pesa zile kwa ajili ya paa.

Ukanipa masharti.
Usiuzamishe, shingo yake inataka hewa.
Samadi mbichi usithubutu.
Jua la asubuhi ruhusa, la saa nane liukingie kwa ua.
Maji, ndiyo, ila miguu isilowe,
nami nikacheka, maana hapa Boskoop
ukichimba koleo mbili umefika mferejini.
Tukaujengea tuta, ndoo arobaini za mchanga,
mgongo wangu unazikumbuka zote.

Na chini ya kovu, ulisema,
chochote kitakachochipua, kata.
Hayo ni maotea, yanakula cha mwenzao.
Uliyataja kwa sauti
uliyozoea kumsemea shemeji yako.

Miaka ishirini na mitatu nimekata.
Hata ule wa hospitali: nikishuka basi la Gouda
napiga magoti kwenye matandazo, koti mwilini, nakata.
Hata Jumanne ya mazishi.
Wageni wako kwenye kahawa, mimi niko nje na mkasi,
dada yako Aaltje ananichungulia dirishani
akihesabu siku zilizonibakia na akili.

Aprili hii jalidi ilikuja usiku
kama mtu wa kodi.
Nikaufunika mti kwa shuka zetu,
ile ya mistari ya buluu na ile uliyoiunguza kwa pasi.
Alfajiri nikafungua mlango,
nikaona umesimama mweupe kwenye tuta,
nikakusalimu.

Haikuwa jalidi iliyouua.
Julai, tawi la kaskazini lilinyauka mchana mmoja,
majani yakajikunja yasianguke.
Nikalikata: ndani ya ubao, duara jeusi
kama la kahawa iliyolala kikombeni.
Hoogendijk wa kitalu cha jirani akavua kofia.
Ni kuvu la udongoni, akasema, halina dawa.
Ng'oa, choma, mepo usipande tena hapo.
Agosti likafuata la pili.
Septemba sikuhesabu.

Nikaenda na msumeno.
Chini ya kovu, upande wa mfereji,
palikuwa na chipukizi, kimo cha goti,
kijani kilekile cha siku zote.
Nilikuwa nimesahau kukata.
Au sikusahau, Krijn, sijui,
mkasi ulikuwa mfukoni tangu Mei.

Nikakata juu ya kovu tu, yote, ule wekundu wako wote.
Mikono ilinuka utomvu hadi Jumapili.
Kisha nikakaa juu ya ndoo
nikautazama mti ule mwingine
uliobeba miaka yote hiyo,
na sisi hatukuwahi kuuliza jina lake.

Huenda nao unaumwa. Hoogendijk anasema unaumwa.

Leo ni tarehe tisa Novemba.
Majani yake ni kumi na manne.
Si mekundu. Ni ya haradali,
na moja, nusu yake, ni rangi ya ganda la karoti;
nimeitafuta katika orodha yako ya bei, haimo.
Nimeuegemeza kwenye kijiti
kwa kipande cha utepe wako wa mpira,
umezeeka, unapasuka nikiuvuta.
Hoogendijk akipita
namzungumzisha habari za mvua.